Ishara Nyekundu ya Stesheni ya Juu

Stendi kuu ya mabasi ilikuwa imefurika siku hiyo, hata sisimizi angekosa pa kupita. Ndani ya kibanda cha vioo, juu ya vurugu zote hizo, alikaa mtangazaji wa stendi, binti mwenye sketi ya bluu iliyomkaa sawasawa na skafu ya njano shingoni. Alizungumza na kipaza sauti taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Watu walisema ukiachwa na basi ukasikia sauti ile, hasira inapungua nusu. Yeye mwenyewe hakuwa na raha nayo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwaambia wenzake pa kwenda, kisha jioni anarudi kwenye chumba anacholala na mama yake, kusikiliza bomba likidondoka.

Kioo kikagongwa. Nje alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli lenye madoa ya grisi, lakini kola ya shati iliyochungulia ndani yake ilikuwa nyeupe pe, imepigwa pasi ikanyooka.

"Dada, samahani. Nimesahau taa kwenye basi."

"Taa ya aina gani?"

"Ya treni."

Alimtazama juu mpaka chini. "Kaka, umesahau taa ya treni kwenye basi?"

"Ndiyo."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Dereva wa treni."

"Anayepanda basi."

"Treni yangu haijapona bado," alisema yule kijana kwa masikitiko ya kweli, utadhani anamzungumzia mgonjwa wa nyumbani.

Binti akacheka, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. Stendi nzima ikasimama kumsikiliza.

Taa ilipatikana. Kesho yake dereva alirudi, mikono mitupu.

"Leo umesahau nini?"

"Njia ya kwenda nyumbani."

"Kwenu wapi?"

"Pale, ng'ambo ya barabara."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Siku baada ya siku kijana alimsimulia habari za reli ya mlimani, iliyofungwa kabla wao hawajazaliwa. Miti ilikuwa imeota katikati ya mataruma, na stesheni zimekuwa makazi ya popo. Sasa mradi ulikuwa unaifufua, watalii wapande kichwa cha moshi cha zamani mpaka mawinguni. Na walikuwa wanatafuta wakuu wa stesheni.

"Wanataka mtu mwenye sauti ya simu na moyo wa kukaa peke yake," alisema.

Binti aliomba, akapewa stesheni ya juu. Mama yake alishika kiuno. "Mwanangu, unaacha kazi ya mjini ukalinde ukungu?"

"Mama, ukungu haunisukumi kwenye foleni."

Stesheni ya juu ilikuwa chumba kimoja cha mawe, nyumba ndogo nyuma yake, wenzo wa chuma wa kuongozea ishara, na simu ya waya yenye mkono wa kuzungusha. Asubuhi ukungu ulipita mlangoni bila hodi. Ulipofunguka, mji ulionekana chini kabisa, mdogo, hauna kelele hata kidogo, kana kwamba ni mji wa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Usiku aliulaza chini ya mto, akatabasamu gizani.

Kasoro ilikuwa moja tu. Waya wa simu ulikuwa mmoja kwa stesheni zote tatu, na ile ya kati ilishikwa na mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi.

"Stesheni ya juu, nasikiliza."

"Chini hapa. Kuna baridi huko?"

"Hilo swali la kikazi?"

"La kikazi kabisa. Dereva lazima ajue hali ya hewa."

"Hali ya hewa ni ukungu. Umeingia mpaka ndani, umekalia kiti cha wageni."

"Uambie uondoke. Hicho kiti changu, mpenzi."

Kicheko kikavuja kwenye waya. Hakikuwa cha yeyote kati yao.

"Shangazi, weka simu chini!"

"Niache utamu huu? Endeleeni wanangu, mimi sipo."

Treni ilipopona, dereva alikuwa akipandisha mabehewa matupu kwa majaribio. Akifika walikaa pamoja kwenye ngazi ya behewa, kikombe kimoja cha chai kikizunguka baina yao, mvuke wa injini ukichanganyika na ukungu mpaka usijue upi ni upi. Hapo binti alijisikia kama anaota na hataki kuamshwa. Alimpenda yule kijana. Alimpenda hadi akaanza kuogopa siku zisizo na treni.

Basi, siku tatu kabla ya wakaguzi wa serikali kuja kupanda treni na kuamua kama reli ifunguliwe, aliinua simu kutoa taarifa ya mvua. Akakuta watu wanaongea. Dereva, na meneja wa mradi.

"Yule dada mshusheni," dereva alikuwa akisema. "Kule juu peke yake hataweza. Mpeni dirisha la tiketi hapa chini."

"Sawa. Wakaguzi wakishaondoka tu, nambadilisha."

Binti alisimama, simu sikioni. Dirisha la tiketi! Kibanda kingine cha vioo, kuwaambia wenzake safari njema.

"Nimesikia," alisema, akakata.

Simu ililia mchana kutwa. Mwishowe akaipokea.

"Mpenzi, hebu nikueleze..."

"Hapa ni stesheni ya juu. Hatuna treni yenye jina hilo."

"Jamani, mwanangu, msikilize mwenzio," Shangazi akadakia.

"Na wewe Shangazi, weka simu chini!"

Safari hii Shangazi aliiweka kweli.

Hasira hasara. Siku iliyofuata dereva alipopanda na mabehewa matupu, njia ilikuwa nyeupe, haina hata jani, lakini binti hakuvuta wenzo. Ishara ilibaki nyekundu. Alimwacha pale chini ya kona apige honi mpaka ndege wakahama, ndipo akamfungulia. Dereva alipofika, binti hakumtolea chai. Meneja alipopata habari akang'aka kwamba reli haiendeshwi kwa ugomvi wa wapenzi.

Siku ya wakaguzi ilikuja na mvua ya alfajiri. Binti alivaa koti jipya la sare, akafunga skafu yake ya njano, akatoka kukagua njia kama alivyofundishwa. Huenda ilikuwa mara ya mwisho. Alipovuka kona alisimama. Ukuta wa mawe uliozuia mlima ulikuwa umeporomoka, umelala juu ya reli zote mbili, nguzo ya simu imelala nao.

Alirudi mbio, akazungusha simu. Kimya. Ishara ilikuwa nyekundu tayari, maana isipovutwa ndivyo inavyokaa. Akachukua bendera nyekundu akashuka tena, akapanda rundo la mawe apite upande wa pili, akateleza, akapanda tena. Hapo ndipo aliposikia treni inakuja ndani ya ukungu, ikihema. Ikafika kwenye ishara. Ikasimama.

Ikapiga honi ndefu.

Mungu wangu, alijisemea, atadhani ni ile ya juzi.

Honi ya pili. Akaita kwa nguvu, lakini ile sauti iliyokuwa ikituliza stendi nzima ililowa kwenye ukungu ikaishia hapo hapo. Akasikia watu wakibishana, na sauti ya meneja iko juu ya zote. Kisha mvuke ukalia shaaa! Wanakuja. Alisimama juu ya mawe, bendera mkononi, akilia. Hakulilia tena kazi. Alililia watu waliomo mle, na mmoja zaidi ya wote.

Lakini magurudumu hayakusikika. Zilisikika hatua za miguu juu ya kokoto, za mtu mmoja anayekimbia, na dereva akatokeza kwenye weupe ule, ovaroli limelowa. Akaona mawe. Akamwona yeye.

"Umeumia?"

"Hapana. Kwa nini hukupita?"

"Ishara ilikuwa nyekundu."

"Hata juzi ilikuwa nyekundu."

"Meneja naye kasema hivyo hivyo. Akaniambia pita, lawama zake." Alikuwa akihema. "Nikamwambia juzi yule dada alinikomoa mimi na mabehewa matupu. Leo nimebeba watu. Kama amenizuia leo, kuna jambo."

Binti alifuta macho kwa ncha ya skafu. "Si ulisema sitaweza?"

"Nilikosea. Wewe unaweza. Asiyeweza ni mimi, kukaa kule chini bila wewe. Nikaona rahisi kukushusha wewe kuliko kupanda mimi."

"Na mimi nilikosea. Ishara si ya kukomoana."

"Nioe," alisema dereva, kisha akajishika kichwa. "Yaani, nikuoe. Nihamie huku."

Kabla hajajibiwa, meneja alifika akitweta, viatu vya sherehe vimejaa tope, wakaguzi wawili nyuma yake. Aliyatazama mawe. Akaketi juu ya moja.

"Mkuu wa stesheni," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "dirisha la tiketi nitalitafutia mtu mwingine."

"Ahsante, bosi."

Wakaguzi walikuwa wamekwisha vua makoti wasaidie kuondoa mawe. Dereva alikunja mikono ya ovaroli, akamsogelea binti.

"Hujanijibu."

"Nyumba yangu paa linavuja," alisema. "Na mimi sishuki."

"Sijakuomba ushuke."

Binti akainama, akaingiza vidole chini ya jiwe kubwa kuliko yote.

"Basi shika upande ule, mchumba," alisema. "Hili ni zito."