Ukuta Usiotaka Maji

Risasi ya kwanza ilitoboa ndoo ya chokaa. Ya pili ilimpita Wembe sikioni kama nyigu.

Alijitupa chini, akabingirika nyuma ya pipa na kuchomoa Glock yake ndani ya ovaroli.

Na yote hayo kwa swali moja tu.

"Mtaalamu," alikuwa amemuuliza, "mbona kipande kile hakimwagiliwi maji?"

Chokaa mbichi hulelewa kama mtoto mchanga. Hufunikwa, hunyunyiziwa maji, huchunguliwa kila mara isipasuke. Ngome nzima iliyokuwa ikikarabatiwa ilivishwa magunia yaliyolowa, ila kipande kimoja cha mnara, nyuma ya jukwaa ambapo wakuu wa nchi mbili wangetia saini mkataba wa amani mchana huo. Hapo Mtaalamu, mgeni aliyeletwa kusimamia ukarabati, alikataza hata tone.

Maji na nyaya za bomu havipatani.

Idara ilijua kuna wauza silaha waliotaka amani ile izikwe kabla haijazaliwa. Ndiyo maana jasusi wao, Wembe, alikuwa hapo, akijifanya kibarua wa kuchekecha mchanga. Kilichokuwa hakijulikani ni bomu liko wapi.

Sasa kilijulikana.

Mtaalamu alikuwa akikimbia juu ya ukuta wa ngome, mkono mmoja bastola yenye kiziba sauti, mkono mwingine simu. Hakuwa amepiga bado. Alikuwa karibu mno na mnara. Kulipua wakati ule ni kujichimbia kaburi. Alihitaji kufika langoni, kwenye Land Cruiser yake. Akifika, atabonyeza.

Na juu ya kiunzi cha mbao, pua ikikaribia kugusa ukuta uleule, fundi chokaa alikuwa akisawazisha kona huku akipiga mluzi.

Kaka yake Wembe. Tumbo moja.

Wembe alitimua mbio, akiropoka kwenye redio yake ya Motorola.

"Mzee, bomu liko ukuta wa mnara! Linalipuliwa kwa simu. Zimeni mtandao!"

"Tumeomba," sauti ya mkuu wake ilikwaruza. "Kampuni ya simu inataka barua yenye muhuri."

"Basi waambie walete na sanda!"

Kwenye ngazi alitokea mlinzi wa Mtaalamu, pande la mtu waliyemwita Jabali. Sululu ilishuka. Wembe aliruka kando. Jiwe likapasuka alipokuwa amesimama. Kabla hajainua bastola, ngumi ilimpata mdomoni. Kofia ikamruka. Alitema damu na jino.

"Kumbe mwanamke!" Jabali alicheka. "Rudi jikoni, mama."

"Jikoni ni hapo nyuma yako."

Nyuma yake kulikuwa na shimo la kuzimulia chokaa. Mawe ya chokaa yalikuwa yametoka kutiwa maji, yakitokota kama uji. Wembe alimpiga teke la goti, mfupa ukalia. Akamwongezea la kifua.

Jabali alipiga ukelele mmoja. Mmoja tu.

Wembe alikuwa ameshapita, akipiga simu kwa kifaa cha sikioni.

"Dada, niko kazini!"

"Bomoa huo ukuta."

"Upi?"

"Ulio mbele ya pua yako!"

"Umelewa? Nimeupaka wiki nzima!"

"Kaka, nimewahi kukutania kuhusu kazi?"

"Ulinitania kuhusu ndoa."

"Ile ndoa yenyewe ilikuwa utani. Kuna bomu humo!"

Mluzi ulikuwa umekwisha kitambo.

"Nikimbie?" aliuliza kaka yake, kwa sauti ya utotoni.

Wembe alitaka kusema ndiyo. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini chini ya kiunzi kwaya ya wanafunzi ilikuwa ikijipanga, sare zimepigwa pasi, na watoto hao hawakuwa na dada wa kuwapigia simu.

"Chini yako kuna watoto," alisema.

"Nawaona." Akashusha pumzi. "Basi nyamaza nifanye kazi."

Mwiko ulianza kuparua. Chokaa ilikuwa laini bado.

Mtaalamu alifika langoni, akaingia garini. Wembe hakuwa na muda wa ngazi. Aliruka kutoka juu ya ukuta, akatua kwenye boneti na kufyatua. Kioo cha mbele kilimwagika. Risasi ilimchana Mtaalamu shavu. Ya Mtaalamu ikamtoboa Wembe bega. Glock ilimponyoka, ikadondokea chini ya gari.

Sikioni: "Nimeona simu! Ya batani, ina nyaya!"

"Chomoa betri!"

"Mfuniko umegoma!"

"Una meno ya kazi gani?"

Mtaalamu alitabasamu kwa shavu lililobaki zima. Alimwelekezea Wembe bastola, na kwa kidole gumba akabonyeza simu.

Ngome ilibaki imesimama vilevile.

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti tamu ya mwanamke: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Mtaalamu aliitazama simu. Binadamu hawezi kujizuia.

Wembe hakumpa nafasi ya baadaye. Aliokota kipande cha kioo, akajitupa ndani ya gari na kukizamisha shingoni hadi vidole vyake mwenyewe vikachanika. Mtaalamu alitapatapa, akapiga honi kwa kiwiko, akanyamaza.

"Dada?" kaka yake aliita sikioni. "Betri nimeing'oa kwa meno. Uko hai?"

"Niko hai. Shuka polepole. Usiguse kingine."

"Si ulisema unafanya kazi ofisi ya takwimu?"

"Ndiyo. Leo tumepunguza wawili."

"Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie umevunja ukuta. Atakugombeza wewe, mimi atanisahau."

Kaka yake alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Wembe alimsikiliza mpaka mwisho.

Alifunga bega kwa kitambaa na kuubamiza mlango wa gari.

"Mzee, waleteni watu wa mabomu. Na gari la maiti."

"Umeumia?"

"Kidogo."

Wageni wa kwanza walikuwa wakiwasili. Bwana mmoja mwenye suti alimtazama kibarua yule mwenye chokaa kichwani, akakunja pua.

"Wewe! Vyoo viko wapi?"

"Kulia, ukipita ngazi," Wembe alisema, akaendelea na safari yake.