Jina la Thida Mlangoni

Mkeka wa tano ulikuwa na joto, na hakuna aliyeulalia. Nwe Ni aliupapasa tena, akaukunja upesi kabla mdogo wake, Yupar, hajauona.

Walikuwa wanne, washonaji wa kiwanda kimoja cha nguo jijini Yangon. Askari walipoanza kupiga watu risasi mitaani walikimbilia kijijini, wakapewa kibanda hiki. Mwenzao Thida aliuawa nje ya geti la kiwanda. Hawakungoja hata siku ya saba ya msiba, watawa wa Kibudha wamsomee, roho yake ipate ruhusa ya kwenda zake.

Jioni ile harufu ya mafuta ya cherehani ilijaa chumbani. Kisha chini ya sakafu ya mianzi mguu ukaanza kukanyaga cherehani, taratibu, halafu mbio, kama siku ya kumaliza oda, na kijiji kizima hakikuwa na cherehani.

"Dada," Yupar alinong'ona, "tulipotoka kule, ulimwita nani na nani?"

Nwe Ni akayahesabu majina kwa vidole. Kwao mtu hahami bila kuziita roho za wenzake mlangoni, zisije zikabaki nyuma na wenyewe wakafa. Yeye, msimamizi wa laini yao ya ushonaji, aliita kwa mazoea, kama kila asubuhi kazini: San Kyi, Mya Lay, Yupar, Thida.

Mganga wa kijiji hakumlaumu. Alisema aliyeitwa hufukuzwa na kinywa kilekile. Nwe Ni akaweka bakuli la wali nje, akalia. "Thida, mwenzangu, nisamehe. Sisi hatuendi na wewe." Mguu ukanyamaza. Alijiona msaliti, lakini mkeka ulipoa.

Siku chache baadaye ndege za vita zikaja, kijiji kikahama. Mlangoni Nwe Ni hakuita jina lolote, hata la mdogo wake, kwa kuogopa ulimi usije ukateleza tena. Aliwaongoza kimya kuelekea msituni, na hakuna aliyegeuka, ila harufu ya mafuta iliwafuata hadi kwenye miti, na huko nyuma, katika kibanda walichokiacha kitupu, sauti ikaanza kuita, polepole, kwa mpangilio uleule wa asubuhi.

"San Kyi, njoo turudi. Mya Lay, njoo turudi."

Nwe Ni akamziba Yupar mdomo kwa kiganja.

"Yupar, njoo turudi."

Midomo ya Yupar haikutikisika. Ilikuwa baridi. Na kutoka kibandani, sauti ya Yupar ikaitika.

"Abee, dada Thida. Mimi nipo hapa."