Vidoa Vyeusi vya Mgunga

Apeduno alianua nguo kwenye kamba, akasonya. Nguo zilikuwa zinanata tena. Alikuwa amezianika chini ya mgunga, na mgunga ulikuwa unadondosha maji matamu.

"Wadudu hawa wamenichosha," alimwambia jirani yake Zilpa. "Ukigusa tawi tu, wanaruka kama unga."

Walikuwa nzi weupe, wadogo sana.

Apeduno alikuwa mjane, akiishi nje kidogo ya Malaba. Nyumbani kwake palikuwa na migunga mitatu. Ule mkubwa aliupanda marehemu mumewe, Ongodia, mwaka waliooana. Miwili midogo ilijiotea yenyewe kwa mbegu zake. Kiangazi kikichoma nyasi, mbuzi wa Apeduno walikula maganda ya miti hiyo.

Siku ile aliona jambo jipya. Majani ya mgunga mkubwa yalikuwa na vidoa vyeusi. Miti midogo ilikuwa na vidoa vyeupe tu.

"Huu ndio mgonjwa," akasema. "Utaambukiza mingine."

"Dada, bwana shamba anakuja Alhamisi. Mngoje."

"Alhamisi? Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Methali ni ya kweli, lakini siku hiyo ilimponza. Alimwita shemeji yake, Emukule, aje na shoka.

Emukule aliutazama mti kwa huzuni. "Shemeji, huu ni mti wa kaka yangu. Una hakika?"

"Kata."

Mti ukaanguka. Matawi mengi waliyachoma moto. Machache yenye miiba walizibia boma la mbuzi. Apeduno hakuweza kuutazama ule moto, akaingia jikoni.

Alhamisi bwana shamba Wekesa alifika kwa baiskeli. Aliona kisiki.

"Nani amekata mti huu?"

"Ni mimi. Ulikuwa mgonjwa."

Wekesa alichuma jani kwenye matawi ya boma. Akatoa kioo cha kukuzia vitu vidogo.

"Tazama, mama. Vyeupe hivi ni watoto wa nzi weupe. Wanafyonza maji ya jani. Sasa tazama vyeusi."

"Hiki kina tundu."

"Ndiyo. Kuna nyigu mdogo sana, hata jicho halimwoni vizuri. Haumi mtu. Anataga yai ndani ya mtoto wa nzi mweupe. Mtoto wa nyigu anamla huyo nzi kutoka ndani, na nzi anageuka mweusi. Nyigu akikomaa anatoboa tundu, anatoka, anatafuta nzi wengine."

Apeduno alishusha kioo polepole. "Kwa hiyo weusi wale..."

"Ni nzi waliouawa. Mti huu ulikuwa unapona, mama."

"Uwii! Mti wa Ongodia!" Apeduno akaketi chini, akalia.

Emukule, aliyekuja pia kumsikiliza bwana shamba, akauliza, "Hii miwili tuipulizie dawa ya wadudu wa pamba?"

"Hapana! Dawa hiyo itaua nyigu pia, halafu nzi watarudi wengi zaidi. Vidoa vyeusi visivyo na tundu bado vina nyigu ndani. Toeni matawi haya bomani, myafunge kwenye miti midogo. Leo hii, kabla majani hayajapukutika."

Walifunga tawi baada ya tawi. Miiba ilimchoma Apeduno mikono, damu ikamtoka, naye akaendelea kufunga.

Wiki zikapita. Vidoa vyeusi vikaonekana kwenye miti midogo, kwanza vichache, kisha vingi. Nzi weupe wakapungua. Nguo zikaacha kunata. Kiangazi kilichofuata miti ile ilizaa maganda. Hayakuwa mengi kama ya mti mkubwa, lakini mbuzi walikula.

Majirani walikuja kuuliza. Apeduno aliwaonyesha majani. "Ukiona vyeusi, usikate, usipulizie dawa," aliwaambia. "Muulize kwanza anayejua."

"Miti yako imepona, dada," Zilpa alimwambia siku moja.

Apeduno alitazama kisiki cha Ongodia.

"Imepona," akasema. "Lakini ule ulioiponya, niliuchoma moto kwa mkono wangu."

Akachukua karai lake la nguo, akaenda kuanika.