Chuo Kilichoingia Nyumba ya Eda

Bi Ummu wa mtaa wa Langoni, Lamu, ni fundi wa kofia. Sindano yake haitulii. Anashona huku akizungumza, huku akisikiliza, hata huku akigombeza. Na kugombeza anakujua, usimwone vile.

Lakini wiki zile alishona kimya. Nyumba ilikuwa na msiba. Mkwewe, Ghassan, aliugua ghafla akafariki dunia. Alikuwa kijana mpole. Yeye na mkewe Fairuz, binti ya Bi Ummu, walikuwa wakiishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Sasa Fairuz alibaki peke yake huko juu, akikaa eda.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje bila haja. Hajipambi. Hapokei posa. Bi Ummu aliisimamia eda ya mwanawe kama askari wa bandarini. Watu wa mtaa wasije wakapata la kusema!

Kulikuwa na jambo jingine. Fairuz alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja cha Mombasa. Alisomea afya ya mazingira. Msiba ulimkuta nyumbani, wakati wa likizo. Masomo yake yalikuwa yamebakiza wiki chache tu, kisha jambo moja kubwa. Ilimpasa kuueleza utafiti wake mbele ya wahadhiri. Akifaulu, anapata shahada.

Siku za mwanzo za eda, simu ya Fairuz haikunyamaza. Ilikuwa inalia ting, ting, ting. Mara Bi Ummu akasikia sauti ya mwanamume ikitoka ndani ya simu. Kisha ya mwanamume mwingine.

"Nini hini?" aliuliza.

"Ni kundi la darasa letu, Mama. Kundi la WhatsApp," Fairuz alijibu kwa sauti ya chini.

"Sauti za wanaume katika nyumba ya eda? Hasha!"

Aliichukua simu, akaizima. Akaifunga ndani ya leso na kuitia kashani, chini ya nguo za sikukuu. Fairuz hakubisha. Wakati huo hata kula alikuwa anasahau. Bi Ummu alidhani amemhifadhi mwanawe. Kumbe alikuwa akimtia hasarani.

Asubuhi moja hodi ilibishwa. Alikuwa Mueni, jirani yao. Mueni ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Kwao ni Ukambani, lakini amekaa Langoni mpaka anajua nani anapika mkate wa sinia mzuri kuliko wote.

"Karibu, Mwalimu. Panda," alisema Bi Ummu. "Hapana mtu ila sisi."

Mueni aliketi. Alimpa Fairuz pole, kisha akamgeukia mama yake. "Bi Ummu, samahani kwa kuuliza. Fairuz ameshaandikia chuo?"

"Kuandika nini?"

"Leo nimesoma ukurasa wa chuo chao kwenye Facebook. Wiki ijayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaeleza utafiti wao. Asiyeweza kufika aandikie idara yake kabla ya kesho jioni, aeleze sababu. Asiyeandika atarudia mwaka."

Sindano ikamdunga Bi Ummu kidoleni. Fairuz alishika tama. Machozi yakaanza kumtoka.

"Kwani yambo kubwa kama hilo hutangazwa kwenye simu?" Bi Ummu aliuliza. "Hawawezi kutuma mtu?"

Mueni alitabasamu kidogo. "Siku hizi vyuo vingi hutangaza kwenye mtandao. Chuo kina ukurasa wake. Kila darasa nalo lina kundi lake. Mhadhiri akibadilisha saa ya somo, anasema pale. Mwanafunzi akikosa somo, wenzake wanamsaidia pale. Kuna upuuzi pia, sikufichi. Lakini ukiufunga wote, unafunga na masomo."

Bi Ummu aliinuka. Alikwenda kashani, akaitoa simu, akaifungua leso. Simu ilikuwa imekufa kwa kukosa moto. Waliichomeka ukutani, wakangoja.

Ilipowaka, ujumbe uliingia kwa wingi mpaka simu ikakwama. Fairuz alibonyeza mmoja. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Fairuz dada yangu, ni mimi Wanjira. Pole sana. Kila somo ulilokosa nimelipiga picha ubaoni. Nakuwekea hapa. Usome ukipata nguvu."

Kisha ikaja sauti ya kijana. Bi Ummu aliitambua. Ndiyo sauti ile ile iliyomfanya aizime simu.

"Fairuz, ni Douglas. Darasa zima limenituma. Tumemuuliza mwenzetu Yunusi namna Waislamu wanavyopeana pole. Sasa usinicheke. *Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.*"

Ulimi ulimteleza mara mbili, lakini aliyafikisha maneno mpaka mwisho. Bi Ummu alijifunika uso kwa mtandio. Alikuwa ameyafungia kashani maneno ya rehema, akidhani ni uchafu. Aliona haya mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, niwie radhi," alisema. "Sikuuliza. Nilihukumu tu."

"Mama, yamekwisha," Fairuz alisema. "Sasa tuandike."

Kwa haraka yake aliutafuta ukurasa wa chuo kwenye simu. Akaupata mmoja wenye nembo ya chuo. Ulisema: *Uliyechelewa, jaza hapa namba yako ya mwanafunzi na nywila yako.* Fairuz alianza kujaza.

"Ngoja!" Mueni alimshika mkono. "Nywila ni siri yako. Chuo hakiwezi kukuomba. Tazama, ukurasa huu umefunguliwa mwezi uliopita. Hauna tangazo lolote la zamani. Huu ni wa matapeli."

"Sasa nitaujuaje ulio wa kweli?"

"Anza na tovuti ya chuo. Pale chini utaona alama ya Facebook. Ibonyeze, itakupeleka kwenye ukurasa wenyewe. Na ukiwa na shaka, pigia idara simu. Kuuliza si ujinga."

Fairuz alifanya hivyo. Tangazo alilikuta. Alikuwa karibu kuandika, mara mama yake akasita tena.

"Lakini eda, Mwalimu? Mwanangu anene na wanaume? Hilo siwezi kulikata mimi, wala wewe."

"Hilo kweli si langu," Mueni alisema. "Muulizeni anayejua."

Anayejua hakuwa mbali. Jeilani, kaka yake Bi Ummu, anasomesha dini madrasani. Alikuja adhuhuri ile ile. Alisikiliza habari yote, kisha akamtazama dada yake.

"Ummu, nani alokwambia simu yavunda eda?"

"Watu husema."

"Watu husema mengi. Eda ina mipaka yake. Asitoke bila haja, asijipambe, asiposwe. Kunena na mwalimu kwa hishima, kwa ajili ya elimu, si posa wala si pambo. Mila zetu ni nzuri, dada yangu. Lakini usizipandishe yuu zikawa sharia." Akamgeukia Fairuz. "Andika, mwanangu. Andika hivi sasa."

Fairuz aliandika. Asubuhi yake jibu lilikuja kutoka kwa mhadhiri wake, Daktari Kirimi. Idara ilikubali aeleze utafiti wake akiwa nyumbani, kwa simu ya video.

"Sitaki sura yangu ionekane, nimo edani," Fairuz alimwandikia.

"Tunataka kuuona utafiti, si sura," Daktari Kirimi alijibu.

Basi siku ikafika. Bi Ummu alikuwa hajapata kumuuliza mwanawe anachunguza nini. Siku hiyo ndipo alipojua, na mdomo ukabaki wazi. Utafiti wenyewe ulikuwa ndani ya nyumba yake! Ulikuwa ni lile birika la maji la kuogea, na wale samaki wadogo wanaoishi ndani yake. Mama yake Bi Ummu aliwaweka, na bibi yake kabla yake. Nyumba nyingi za kale za Lamu zina samaki kama hao.

Birika liko ndani, na kuta za mawe ni nene. Mtandao haukufika. Mueni aliweka simu yake kwenye dirisha la ngazi ili iwagawie mtandao. Ukafika. Lakini Fairuz alitetemeka, na picha nayo ikatetemeka.

"Lete hapa," alisema Bi Ummu.

Mkono uliozoea kushona kofia ukaishika simu, ukatulia. Aliielekeza kwenye maji. Fairuz alisimama nyuma yake, akaanza kusema.

"Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyosimama. Mayai hutoa viluwiluwi. Viluwiluwi huwa mbu, na mbu wengine huleta malaria. Nilichunguza mabirika yenye samaki na yasiyo na samaki. Sasa nitawaonyesha."

Alimimina birikani kikombe cha maji ya pipani yaliyojaa viluwiluwi. Samaki hawakuonekana. Walikuwa wamejificha pembeni, kwenye kivuli. Miaka yote Bi Ummu aliwapita samaki hawa bila kuwatazama. Sasa shahada ya mwanawe ilikuwa inawangoja.

"Daktari, naomba tusubiri kidogo," Fairuz alisema. Sauti yake haikuyumba. "Samaki wameogopa vivuli vyetu. Mama, rudi nyuma hatua moja."

Bi Ummu alirudi nyuma. Samaki mmoja akatokea. Akatokea wa pili, kisha kundi zima. Viluwiluwi viliisha hapo hapo, mbele ya macho ya kila mtu.

"Lo!" sauti ilitoka kwenye simu. Nyingine zikafuata, za wanafunzi wenzake waliojiunga kutoka Mombasa, Kisumu, hata Turkana. Wote walikuwa wakitazama birika la Bi Ummu. Subhanallah! Chuo kizima kimeingia bafuni kwake, na hakuna aliyevua viatu.

Daktari Kirimi aliuliza maswali magumu. Je, samaki hawachafui maji? Je, maji hayo yanafaa kunywewa? Fairuz alijibu yote. Alisema maji hayo ni ya kuogea, na ya kunywa lazima yachemshwe. Penye jambo asilolijua, alisema hajui, atalichunguza. Bi Ummu hakuelewa maneno yote. Lakini alimsikia mwanawe akizungumza na mabingwa bila woga, akajua kwamba mtoto huyu amekwenda mbali bila kutoka nyumbani.

Fairuz alifaulu. Chuo kiliomba ruhusa yake kuiweka video ya birika kwenye ukurasa wa Facebook. Alikubali, kwa kuwa haikuwa na sura ya mtu. Watu waliitazama. Waliuliza wapi watapata samaki. Wengine walibisha, kama kawaida ya watu.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia kutoka Faza, kisiwa cha Pate. Aliyeandika ni Razan, mjane kijana ambaye hawakumjua.

*Dada, nami nimo edani. Nilikuwa nasomea ualimu. Nimezima simu na nimeacha chuo. Naona mambo yangu yamekwisha. Je, naweza kurudi?*

Fairuz alimsomea mama yake. Alitaka kujibu, lakini Bi Ummu aliiweka kofia kando.

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Fairuz akamwonyesha. Bi Ummu aliisogeza simu mdomoni, akasema kwa sauti ambayo ingefika Faza hata bila mtandao.

"Razan, mwanangu, Mungu amrehemu mumeo. Iandikie idara yenu yeo, usingoje kesho. Na mama yako akikataza, mpe simu. Mwambie kuna mama mwenziwe, Langoni, ataka kunena naye."