Kiyoyozi cha Kilian

Rafiki yangu Kilian alikuwa akimpeleka shangazi yake kuzikwa Liuli, kando ya ziwa, jeneza likiwa nyuma ya Landkruza kuukuu aliyoinunua kwenye mnada wa ofisi moja, ambako “mbovu” huandikwa “imechakaa kiasi”. Kwenye kona za kushukia ziwani, giza likiingia, kiyoyozi kilichopuliza baridi njia nzima kikaanza kupuliza joto. Marehemu angeharibika kabla ndugu hawajamuaga. Akampigia fundi wake wa Mbinga, amefura kwa hasira.

“Erasmo, tapeli wewe. Gesi umejaza wapi?”

“Kaka, nisamehe. Kompresa ya kiyoyozi niliitoa jana nikasahau kuirudisha. Iko hapa mezani, na bila hiyo hakiwezi kutoa baridi hata kidogo.”

Kilian alimtukana mpaka mtandao ukakatika, kisha akaegesha kando na kuzima injini.

Hapo ndipo baridi ile ile ya njiani ilipoingia kutoka nyuma, na sauti ya pumzi ikivutwa na kuachiwa.

Akamulika nyuma. Kioo kidogo cha jeneza kilikuwa na ukungu upande wa ndani, ukitanda na kufutika, ukitanda na kufutika.