Fundi Saa Aliyekufa Mara Tatu

"Hivi huyu fundi saa anakufa mara ngapi?"

Jirani muuza mkaa aliwahi kuuliza hivyo, redio sikioni, huku akicheka.

Sindano hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa idara ya usalama, na tayari alishalisikia tangazo lile mara mbili. Kila mara fundi saa huyo alipotangazwa kufa, bunduki za magendo ziliingia mjini. Mahali pa mazishi ndipo palipokuwa pa kushushia mzigo.

Leo kafa tena. Mazishi saa tisa alasiri.

Saa sita na nusu mchana Sindano alisukuma mlango wa kituo cha redio, bastola ya Glock kiunoni. Chumba kimoja. Trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Feni imezimwa isivume kwenye kipaza sauti.

Mezani, miwani puani, mama yake mdogo, mwenye kituo na msomaji wa matangazo. Ndiye aliyemlea.

"Umekonda. Huko idarani hamli?"

"Mama, tangazo la fundi saa kaleta nani?"

"Mwanamume mmoja. Analia, maskini ya Mungu."

"Kitambulisho chake?"

Mama Mdogo akatupa jicho mlangoni.

Sheria ya utangazaji ilibandikwa mlangoni: hakuna tangazo la kifo bila nakala ya kitambulisho cha aliyelileta. Kosa moja tu, leseni inafutwa.

"Mtu kafiwa, nimwambie toa kitambulisho? Mimi nami nimezika, mwanangu."

"Wauza bunduki waliijua huruma yako. Lisome tena. Ila sema mazishi yamehamia machimbo ya mchanga, saa nane."

Akalisoma. Sauti haikutetereka.

Saa nane na dakika tano, simu ya upepo ya Motorola ikakoroma kiunoni mwa Sindano.

"Sindano, malori mawili yameingia machimboni."

"Fungeni njia."

Risasi mbili. Kisha hakuna kitu.

"Tumewanasa wote. Hakuna aliyeumia."

Mama Mdogo akainua mikono, akamshukuru Mungu.

Simu ikaita. Mkuu wa idara.

"Kazi nzuri. Sasa nijibu. Kitambulisho kilichukuliwa?"

Uongo mmoja ungeiokoa redio. Lakini wakili wa wale watu angeufukua mahakamani, nao wangetoka wakipunga mikono.

Mama Mdogo alimtazama vile alivyomtazama utotoni, sukari ilipopungua kwenye kopo naye akamwuliza nani kala.

"Hakikuchukuliwa, Mkuu."

"Basi zima mtambo. Njoo na leseni."

Miaka kumi na tisa Mama Mdogo alikuwa akiwasomea maskini misiba yao bure.

Sindano akashusha swichi. Taa nyekundu ikazimika. Akaitungua leseni ukutani, fremu na yote.

"Nisamehe, Mama. Sheria ndiyo..."



Mezani palikuwa na matangazo matatu ya saa kumi. Wafu wa kweli, hawajasomwa.

Mama Mdogo akavua miwani. Akayakusanya yale makaratasi, akayakunja taratibu, akayatia mkobani.

Akatoka.