Mashine Iliyoshushwa Kisimani

Siku ya Jumanne, asubuhi, Attaher alishuka kisimani kuongeza petroli kwenye mashine ya maji. Hakupanda tena. Walimtoa kwa kamba, mwili hauna hata mkwaruzo.

"Jini la kisima," walisema watu wa bondeni. Walikunywa chai ya matanga, wakarudia, "Jini."

Raishatu, mkewe, alikaa matanga siku saba. Siku ya nane alimkuta shemeji yake, Ghumur, kisimani. Amejifunga kamba kiunoni, kidumu cha petroli mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Vitunguu vinakauka, shemeji. Usiogope, nimesoma dua."

"Wewe umesoma. Na hiyo mashine, imeisikia?"

"Sasa tufanyeje? Maji yamekwenda chini. Mashine ikikaa juu haiyafikii. Bonde zima wameziteremsha!"

Raishatu alikuwa amemwita Elkhader, mchimba visima. Alifika wakati huo, akachungulia chini.

"Jini hakuna," alisema. "Moshi wa mashine una sumu. Huioni, hainuki. Huku juu upepo unaipeperusha. Kule chini inajaa. Ukivuta pumzi kidogo tu, kichwa kinazunguka, miguu inalegea, umekwisha."

"Kaka aliizima kwa kuvuta waya akiwa juu, kabla hajashuka!" Ghumur alipinga.

"Mashine ilizimwa, sumu ikabaki. Itokee wapi?"

Raishatu alimgeukia Elkhader. "Ulikuwa unajua?"

"Niliwaambia watu wa bonde la juu."

"Na sisi? Umepita hapa mara ngapi, ukanywa chai yetu, ukafunga mdomo? Attaher mwenyewe alikumiminia!"

Elkhader alivuta ncha ya kilemba, akajifunika uso hadi machoni kwa aibu. "Kweli, dada. Nilikosa."

"Na maji nayo yamekwenda wapi?"

"Mmeyamaliza wenyewe. Mchanga hutoa maji polepole. Mashine inayanyonya haraka kuliko yanavyorudi. Nanyi mmepanda vitunguu mpaka kwenye mawe! Ngamia akivuta maji kwa kamba taratibu, kisima hupata nafasi ya kujaa."

Ghumur alicheka kwa hasira. "Turudi kwenye ngamia? Bonde zima litatucheka!"

"Wacheke!" Raishatu alichomoa kisu, akakata kamba iliyokuwa kiunoni mwa Ghumur. "Walishamlilia mmoja, wakaenda kulala. Vitunguu vife. Wewe hushuki."

Ghumur akaweka kidumu chini.

Mashine waliinasa kwa kulabu ndefu wakiwa juu, wakaivuta. Jioni Raishatu alipita bustani kwa bustani na Elkhader, akamlazimisha kusema mbele ya kila mtu: mashine isishushwe kisimani kamwe, na mtu asishuke ilipo, hata ikiwa imezimwa. Mtu akianguka kisimani, usimfuate. Mvute kwa kamba ukiwa juu, piga kelele watu waje.

"Sema tena," alimwambia kila alipomaliza. "Kwa sauti."

Wengine walinuna. Lakini kabla ya mwezi kwisha, mashine tisa zilikuwa zimetolewa.

Sasa ngamia huvuta maji ya Raishatu tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Matuta ya vitunguu ni nusu ya yale ya zamani. Hakuna anayeshuka kisimani.